Lulu hakupandwa, mbona ana maziwa?

Swali la msomaji: "Shikamoo daktari. Nina mbwa jike anaitwa Lulu, chotara wa German Shepherd, ana miaka mitatu na kilo 28. Tunaishi Tabata Segerea. Mwanzoni mwa mwezi wa sita aliingia kwenye joto, tukamfungia bandani mpaka damu ilipokata, tarehe 20 hivi. Hakuna dume aliyemkaribia. Sasa tangu wiki iliyopita anachimba shimo nyuma ya simtanki, chakula anakula nusu, halafu amechukua ndala ya mwanangu, ile ya kushoto, anailalia na kuilamba kama katoto kake. Matiti yamejaa na nikibonyeza maziwa yanatoka. Jirani anasema nimkamue yasije yakaganda. Muuza dawa za mifugo anasema achomwe sindano ya uzazi wa mpango. Mama mkwe anasema nimpandishe azae mara moja, hayatarudi tena. Juzi mwanangu wa miaka sita alifuata ndala yake, Lulu akamtolea meno. Naogopa. Je, anaumwa? Nifanye nini?"

Marahaba mama, na pole kwa hofu uliyoipata. Naanza na mtoto, kwa sababu hilo ndilo la leo hii. Maziwa yanaweza kusubiri kidogo.

Mwanao asiwe uani peke yake Lulu akiwa amefunguliwa, asisogelee lile shimo, na ndala yake asiifuate tena kwa namna yoyote. Lulu hajamchukia. Analinda kitu ambacho mwili wake unamwambia ni mtoto wake, na jike anayelinda watoto anaweza kumng'ata hata anayempa chakula kila siku. Kisha chukua kadi yake ya chanjo uangalie tarehe. Kama chanjo ya kichaa cha mbwa ina zaidi ya mwaka, au hujui ilichomwa lini, mpigie daktari wa mifugo leo umweleze na kuhusu meno ya juzi. Dalili ulizoandika zinaelekea kwingine kabisa, lakini kichaa cha mbwa bado kipo nchini kwetu na mara nyingi huanza kwa mbwa kubadilika tabia, kwa hiyo ukali wa ghafla kwa mbwa asiye na chanjo siupuuzi hata siku moja. Na ikitokea meno yamegusa ngozi ya mtu, hata mkwaruzo tu, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msikae kungoja kuona mbwa atakuwaje.

Sasa Lulu mwenyewe. Kwa maelezo yako, karibu nina uhakika ana kile tunachokiita mimba ya uongo. Si ugonjwa. Nataka ulielewe vizuri jambo hili, maana ukilielewa utajua mwenyewe kwa nini yule jirani mwenye huruma anakuelekeza vibaya.

Mbwa si kama ng'ombe. Ng'ombe akikosa mimba, baada ya siku 21 hivi anarudi kwenye joto. Mwili umeshajua kwamba hakuna kitu. Mwili wa mbwa hausubiri kujua. Joto likiisha, pale kwenye ovari yalipotoka mayai panabaki vijivimbe vinavyotengeneza homoni ya kulea mimba, projesteroni, na vinaitengeneza kwa takriban miezi miwili, awe amepandwa au hajapandwa. Ni hivyo kwa kila jike mzima wa mbwa duniani. Siku zikitimia, projesteroni inashuka, na kushuka kwake kunaamsha homoni nyingine kutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, prolaktini. Hiyo ndiyo inayojaza matiti na kumpa mbwa hamu ya kutafuta pa kuzalia na kitu cha kulea. Majike wengi hupita kipindi hiki bila mwenye mbwa kuona lolote. Wengine, kama Lulu, mwili wao huitikia prolaktini kwa nguvu.

Hebu hesabu nami. Damu ilikata tarehe 20 Juni. Tuseme mayai yalitoka katikati ya mwezi, tarehe 15. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Kutoka tarehe 15 Juni mpaka tarehe 17 Agosti ni siku 63 kamili. Wewe umeniandikia tarehe 18 Agosti, na shimo limeanza wiki iliyopita. Lulu hajachanganyikiwa wala hajarogwa. Kalenda ya mwili wake inasema leo ni siku ya kuzaa.

Kuna maana yake ya zamani pia. Mbwa alitokana na wanyama wanaoishi kwa kundi, ambamo kwa kawaida jike mmoja tu ndiye anayezaa. Wataalamu wengi wanaona kwamba majike wengine kuwa na maziwa na moyo wa kulea wakati huo huo kulisaidia watoto wa kundi kuishi. Hata mbwa mwitu wetu walioko Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ingawa si ukoo mmoja na Lulu, hulea hivyo hivyo: anazaa mmoja, wengine wanarudi mawindoni na kuwatapikia watoto nyama. Hamu hiyo ya kulea imebaki kwa Lulu, ila watoto hakuna. Ikapatikana ndala.

Kabla hatujaenda mbali, kuna jambo lazima nikuulize bila kukuvunjia heshima. Una hakika hakupandwa? Umesema mlimfungia mpaka damu ilipokata. Hapo ndipo watu wengi wa mjini wanapoponyokwa. Siku za mwanzo damu ni nyekundu na jike anawafukuza madume. Kuanzia siku ya tisa hivi damu inakuwa nyepesi, rangi ya maji ya nyama, na watu wanadhani joto limeisha. Kumbe ndipo jike anaanza kukubali. Kama mlimfungulia damu ilipopungua, na Segerea yenye madume ya mtaani yanayoruka ukuta usiku, huwezi kuapa. Kwa hiyo mpeleke apigwe ultrasaundi, au eksirei. Kwa tarehe hizi mifupa ya watoto ingeshaonekana waziwazi kwenye picha. Ni kipimo cha mara moja na kinamaliza ubishi. Tena dawa moja nitakayoitaja huko chini huharibu mimba, kwa hiyo haitolewi kwa kubahatisha.

Sasa maziwa. Usimkamue. Ningekuwa na uwezo ningeandika neno hilo kwenye geti lako. Titi halina akili ya kujua nani anayelivuta. Kila chuchu inapoguswa, kwa ulimi, kwa kidole, kwa kitambaa cha uvuguvugu, habari inakwenda ubongoni kwamba kuna mtoto ananyonya, prolaktini inapanda, na kesho maziwa yanakuwa mengi kuliko leo. Yakiachwa, titi linajaa, linabana, na ule mbano wenyewe ndio unaoliambia lisitengeneze tena. Siku mbili tatu za kubanwa zinatia huruma kuziangalia, halafu yanaanza kunywea. Nimewahi kuletewa jike mmoja kutoka Mbezi ambaye dada wa nyumbani, kwa moyo mwema kabisa, alikuwa anamkamua asubuhi na jioni kwenye kikombe cha bati. Ilikuwa wiki ya saba na maziwa yalikuwa yanatiririka kama ya mbwa mwenye watoto sita. Hatukumpa dawa yoyote siku ile. Tulimwomba yule dada aache, tukamvalisha mbwa fulana, na ndani ya siku kumi matiti yakarudi hali yake ya kawaida.

Na wewe pia, mama, acha kubonyeza kuona kama bado yapo. Angalia kwa macho tu.

Fulana niliyoitaja ni ya kweli. Adui mkubwa wa kukauka kwa maziwa ni ulimi wa Lulu mwenyewe, maana mbwa hujilamba mpaka akajinyonya. Chukua fulana kuukuu ya pamba ya mtu mzima, kichwa chake kipite kwenye shingo ya fulana, miguu ya mbele kwenye mikono, halafu kitambaa kinachobaki ukivute juu ya mgongo na kukifunga fundo karibu na kiuno, kisikaze, ila tumbo lote lifunikwe. Asipoweza kuivumilia, tafuta kola pana ya plastiki ya shingoni. Fulana ikilowa ibadilishe, kwa joto letu ngozi iliyofunikwa na unyevu inachubuka haraka. Watu wengine hupaka pilipili, mafuta ya taa au oili chafu kwenye chuchu ili asijilambe. Tafadhali usifanye hivyo. Atailamba tu, na safari hii utaniletea mbwa mwenye sumu tumboni.

Ndala iondoke, lakini si mbele ya macho yake. Ukimnyang'anya anajifunza kwamba watoto wake wanaibiwa, na meno yatatoka mapema zaidi mara nyingine. Fanya hivi: alfajiri mtu mzima amvalishe mkanda na kumtoa matembezi marefu, nusu saa au zaidi, mpaka aanze kunusa nusa njia na kusahau uani. Huku nyuma wewe chukua ndala uifiche ndani kabisa, fukia shimo, weka tofali au kipande cha bati juu yake. Akirudi atatafuta. Huenda akalia usiku wa kwanza, hata wa pili. Usimpe mdoli wala ndala nyingine umpoze. Unakuwa umemletea uzazi mwingine. Mtoe tena jioni. Mbwa wa ulinzi wengi hapa mjini wanakaa bandani mchana kutwa na hawana la kufanya ila kulea hiyo ndala, kwa hiyo nayategemea haya matembezi kuliko vidonge.

Kuhusu chakula, nimekuta nyumba nyingi zikimfanyia mbwa wa hivi kama mzazi: uji, supu ya utumbo, maziwa ya ng'ombe ya kumrudishia nguvu. Hicho ni chakula cha kutengenezea maziwa. Mpe chakula chake cha kila siku, ugali wa dona na dagaa au chochote alichozoea, kiasi kile kile au pungufu kidogo kwa siku chache. Akila nusu, mwache, atakirudia. Maji usimpunguzie hata kidogo. Kuna ushauri wa zamani wa kumnyima mbwa maji usiku ili maziwa yakauke. Kwa Dar es Salaam mimi naukataa, figo za mbwa si za kuchezea.

Ukifanya hayo, wiki mbili mpaka tatu na mambo yatakuwa yametulia. Haitamharibia uzazi wake wala haifupishi maisha yake.

Sasa nisikilize kwa makini hapa, maana ninalolihofia zaidi kwa jike wa umri wa Lulu si haya maziwa. Ni usaha kwenye mji wa mimba. Hutokea katika majira haya haya, wiki chache baada ya joto, kwa sababu ile ile: projesteroni imeunenepesha ukuta wa mji wa mimba na kuutuliza kwa miezi miwili, bakteria waliopanda wakati wa joto wakapata pa kuzaliana. Wenye mbwa huona mbwa amepoa, hali, tumbo limejaa, wakasema "ni ile mimba yake ya uongo", na kufikia siku ya nne mbwa amekufa. Mbwa wa mimba ya uongo ana shughuli: anachimba, anabeba, anazunguka, anafoka. Mbwa mwenye usaha amelala. Anakunywa maji mengi na kukojoa mno, anatapika, pengine ute mchafu wenye harufu unatoka nyuma, lakini pengine hautoki kabisa kwa sababu mlango wa mji wa mimba umefunga, na huyo ndiye aliye hatarini zaidi.

Maji unaweza kuyapima mwenyewe. Asubuhi jaza kidumu cha lita tano, na siku nzima maji ya Lulu yatoke kwenye kidumu hicho tu, bomba na ndoo nyingine zifunikwe. Kwa kilo zake 28, akikaribia lita tatu kwa siku moja, hiyo si kiu ya kawaida. Mpeleke siku hiyo hiyo, hata iwe usiku, hata kama ni kwa bajaji.

Titi pia likigeuka jekundu au la zambarau, likawa gumu na la moto kuliko mengine, hataki liguswe, au kinachotoka kina rangi ya damu au usaha, hiyo ni homa ya titi, inahitaji dawa ya daktari. Kwa maumivu usimpe panadoli, ibuprofeni wala diklofenaki za nyumbani. Hizo mbili za mwisho humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo.

Nije kwa muuza dawa. Sindano ya uzazi wa mpango ni homoni ya jamii ile ile ya projesteroni. Ukimchoma, dalili zinaweza kutulia kwa muda kweli, ndiyo maana watu wanaisifu. Lakini umeurudisha mwili nyuma. Sindano ikiisha nguvu, projesteroni inashuka tena, na mchezo unaanza upya. Na huku nyuma umefungulia njia usaha wa kizazi na uvimbe wa matiti. Nimefungua matumbo mengi ya mbwa waliochomwa sindano hizo "ili wasizae". Kama kuna ombi moja tu utakalonikubalia katika barua hii, liwe hili la kukataa ile sindano.

Dawa sahihi ipo, inaitwa kabergolini. Inakata prolaktini penyewe inapotoka, hutolewa kwa siku chache, na kwa jike aliyebanwa sana au aliyekuwa mkali inasaidia vizuri. Hutumiwa pia na binadamu, ndiyo maana utaikuta famasi, lakini kipimo cha mbwa ni cha mikrogramu kwa kilo, kidonge cha mtu kukikata kwa kisu cha jikoni si kipimo. Aiandike daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, baada ya kuthibitisha kwamba hakuna mimba. Dawa hii wakati mwingine hutapisha. Likitokea hilo, mtu asimchome metoklopramidi kuzuia kutapika, kwa sababu dawa hiyo inapandisha prolaktini na mtakuwa mnavuta kamba pande mbili. Kwa Lulu, kwa sababu ya mtoto wa miaka sita, kama ukali haujapungua ndani ya siku tatu nne tangu ndala iondoke, ningeitumia bila kusita.

Mama mkwe naye mpe heshima yake, ushauri wake nimeusikia kwa wazee wengi na unatolewa kwa nia njema. Ila si kweli. Jike aliyezaa anaweza kupata mimba ya uongo joto lijalo kama yule ambaye hajazaa, na utakuwa umebaki na watoto saba wa kuwatafutia nyumba. Tena kumtafutia dume wa mtaani kunaweza kumletea ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, ambao mbwa wetu wanao sana. Kama unataka kuzalisha, zalisha kwa sababu unataka watoto na una pa kuwapeleka.

Kinachomaliza kabisa ni kumtoa kizazi pamoja na ovari. Aliyepata mara moja kwa nguvu hivi kwa kawaida hurudia, kwa hiyo nakushauri ufanye. Lakini si sasa. Hapa nina jambo linaloniuma mpaka leo. Miaka yangu ya mwanzo ya kazi, mwenye mbwa aliniletea jike mwenye maziwa akiwa amechoka na vurugu, akaniomba nimtoe kizazi siku hiyo hiyo, nami nikakubali. Nilipotoa ovari, projesteroni iliyobaki ikaanguka ghafla, prolaktini ikapanda, na yule mbwa akaendelea kulea kiatu na kutoa maziwa kwa miezi, mshono umeshapona na kizazi hakipo. Alikuwa amekwama, na mimi ndiye niliyemkwamisha.

Kwa Lulu subiri maziwa yakauke kabisa na ipite miezi mitatu hadi minne tangu joto. Joto lake lilikuwa Juni. Akifuata mzunguko wa miezi sita, lijalo ni Desemba. Kwa hiyo nafasi yako ni kuanzia katikati ya Oktoba mpaka mwisho wa Novemba. Weka miadi mapema. Siku ya upasuaji aje bila kula tangu usiku, maji aendelee kupata mpaka alfajiri, na uje na kadi ya chanjo pamoja na karatasi yenye tarehe hizi: damu ilipoanza, ilipokata, shimo lilipoanza, na siku uliyoona matiti yamelala. Daktari atakayempasua ataanza kwa kuuliza hizo.